Mwaka wa Miezi Ishirini na Moja

Tarehe 4 Februari

Kwako Futi, mkadiriaji wangu,

Nakusalimu kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza sitakumbuka tena salamu. Huku hatujambo. Baba yako mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe limekuwa mgeni asiyeaga. Ukimwuliza kaka yangu habari za asubuhi anakupa kwanza za goti. Bomba la uani linavuja vilevile ulivyoliacha. Paka wa jirani amezaa watoto wanne chini ya kitanda changu, na hakuna aliyeniuliza. Mimi mzima.

Najua utasema ningepiga simu. Simu yangu tangu iingie maji ina sauti moja tu, ya kusikika mpaka kwa kinyozi, na jambo lenyewe si la kinyozi.

Kiwandani tumechoka. Unakijua, tunashona mashati ya sare pale pale ulipotuacha. Sasa meneja ametundika daftari mlangoni mwa choo. Ukiondoka kwenye mashine unaandika saa, ukirudi unaandika saa, na Ijumaa anakata. Fundi wa mashine namba saba amekatwa nusu siku mara tatu kwa kutoka sana. Tukamwendea kwa adabu zetu zote tukamwambia kwamba wanawake thelathini na wawili wana siku zao, na kama pedi zingekuwepo kwenye kabati la choo mtu asingelazimika kuvuka barabara kwenda dukani huku saa inahesabu. Sisi tunamwita Bwana Tuone, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata ukimwambia paa linaungua. Akasema, "Tuone." Kisha akasema tumletee makadirio ya miaka kumi, yaliyoandikwa na mtu anayejua kukadiria, siyo maneno ya wanawake.

Mtu ana mke na mabinti watatu ndani ya nyumba, na anataka makadirio. Nilitaka kumjibu nikaumeza ulimi. Ndipo nikakumbuka kwamba nimelea mtoto ambaye tangu ana miaka tisa alikuwa akipima meza, mlango na mkia wa paka kwa futi yangu ya kushonea, na leo analipwa kwa utundu ule ule. Umekadiria maghala na shule, sasa tukadirie sisi.

Mimi shangazi yako.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika imejaa vumbi la saruji, kwa hiyo imekuja na lori ambalo lilipaswa kuwa hapa wiki mbili zilizopita. Nimelisalimu kwa maneno ambayo hukunifundisha wewe. Mimi sijambo. Ghala limefika kwenye linta, juu ya milango, na nondo zilizoletwa si nene kama tulivyoagiza. Mpe Baba pole ya goti, umwambie bomba likivuja huitwa fundi, haliombewi dua.

Usishangae nami kukujibu kwa barua. Hapa mtandao unapatikana juu ya lundo la kokoto tu, na chini ya lundo ndipo wanapokula wanaume sitini. Mambo haya siwezi kuyapigia kelele nikiwa juu ya kokoto. Halafu unasikitika kuhusu daftari? Sisi tuna choo kimoja kisicho na komeo. Nikiingia lazima niimbe ili wajue kuna mtu, na nimeimba tangu Novemba. Kila nikiomba komeo msimamizi ananiambia liko kwenye oda. Ghala zima lina milango kumi na minne na makomeo yake yamefika yote.

Basi nitakukadiria, tena bure. Ila makadirio hayapikwi kwa hasira peke yake. Niletee orodha. Usiandike majina, weka namba za mashine. Andika umri wa kila mmoja, pakiti ngapi za pedi kwa mwezi, na alikuwa na miezi mingapi mwaka jana, maana wako waliokuwa na mimba na wanaonyonyesha. Bei usiniandikie kwa pesa, itapanda kabla lori halijafika. Niambie pakiti moja ni sawa na kola ngapi za kushona.

Na wewe siku hizi unakaa mashine namba ngapi?

Mwanao, Futi.


Tarehe 18 Machi

Futi,

Hatujambo. Goti liko palepale. Fundi bomba alikuja, akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka na chai yangu. Paka wamefungua macho na sasa wananitazama ninavyovaa.

Orodha yako hii hapa ndani, na usidhani imekuja yenyewe. Unakwenda kwa mtu unamwuliza taratibu kwenye mlio wa mashine, yeye anadhani umeulizia uzi. Mwingine alininong'oneza ubavuni mpaka nikapata mwasho. Yule mama wa vifungo alisema kwa sauti, "Mimi nimestaafu huko, niondoleeni balaa," na nikamwondoa. Wamebaki thelathini na mmoja. Wawili waligoma kutaja umri. Nimekadiria mwenyewe kwa macho, nikawapunguzia kidogo ili wasinichukie.

Pakiti moja ni kola kumi na mbili. Mtu mwenye mkono mzuri anashona kola mia na ishirini kwa siku.

Bwana Tuone amepata wazo. Anasema mabaki ya vitambaa vya sare yapo bure, tuyatumie. Kitambaa hicho kinasukuma hata maji ya mvua, ndiyo maana wanakivaa walinzi. Nilimwuliza kama amewahi kujipangusa jasho kwa mkono wa sare. Akasema tuone.

Fanya haraka. Namba saba wamemkata tena.

Shangazi yako.


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wote hamjambo na paka wamejifunza kugeuka ukutani. Mimi mzima, nina mafua ya saruji. Komeo bado liko kwenye oda.

Kazi imekamilika, karatasi mbili. Ya kwanza ni ya Bwana Tuone: pakiti mia saba tisini na mbili kwa mwaka, na kwa miaka kumi elfu saba mia tisa na ishirini, bila kuhesabu kupanda kwa bei, ambako nimempa mstari wake. Mkono ulizoea nikaongeza na asilimia tano ya vifaa vitakavyovunjika. Nimeifuta.

Karatasi ya pili ni yenu wenyewe. Nilitaka kujua mwanamke mmoja wa kawaida anatumia kiasi gani maisha yake yote. Tuseme anaanza na miaka kumi na miwili na kuacha na hamsini. Ni miaka thelathini na minane, pakiti ishirini na tano kila mwaka, jumla pakiti mia tisa na hamsini. Kwa kola ni elfu kumi na moja na mia nne. Shangazi, hizo ni siku tisini na tano za kukaa kwenye mashine, asubuhi hadi jioni, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekiomba. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Aliyekosea ni wewe. Safu ya miezi umeandika huyu kumi na mbili, yule kumi na tatu, mwingine kumi na nne, na namba saba ishirini na moja. Mwaka una miezi kumi na mbili, hili hata Bwana Tuone analijua, na karatasi yenye kosa la namna hiyo angeitupa mezani mbele yenu. Waliozidi nimewarudisha kwenye kumi na mbili. Huyo namba saba vilevile ana pakiti nne kwa mwezi wakati wenzake wana mbili au tatu. Nimeziacha kwa heshima yako, akawa na pakiti arobaini na nane kwa mwaka. Lakini nadhani kalamu iliteleza.

Hukunijibu unakaa namba ngapi.

Mwanao.


Tarehe 2 Mei

Futi,

Salamu nimezipata. Baba yako anakusalimu, nimemkatiza alipofika kwenye goti.

Nani alikutuma urekebishe?

Uliniuliza kila mmoja alikuwa na miezi mingapi mwaka jana. Nikawauliza, mwaka jana umekwenda mwezini mara ngapi? Wakahesabu kwa vidole, wakanijibu, nikaandika. Wewe na elimu yako ukaona ni miezi ya kalenda, ile yenye picha ya trekta. Tangu lini mwanamke akawa na miezi ya trekta? Nilikufundisha mwenyewe kuhesabu siku, kwenye kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, wewe nukta zako kwa kalamu na mimi zangu kwa penseli, na ulikuwa ukilia kwa sababu zako zilikuja siku ishirini na nne badala ya ishirini na nane na ulitaka kuzisogeza zilingane. Kumbe hujaacha.

Wanawake wameisoma ile karatasi yao ya pili. Tulipofika kwenye siku tisini na tano hakuna aliyecheka, na unajua wale wanavyocheka. Ya Bwana Tuone sikuipeleka. Aliyekwenda mara kumi na nne alikwenda mara kumi na nne. Na namba saba alikwenda mwezini mara ishirini na moja, pakiti nne kila mara, ni themanini na nne, na kalamu haikuteleza popote. Kama mkono wako hauwezi kuandika themanini na nne, niandikie hivyo hivyo, nitampelekea msimamizi wa ghala anikadirie yeye.

Shangazi yako.


Tarehe 21 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe. Ulisema kweli, nilikuuliza swali lenye midomo miwili na nikakulaumu kwa jibu. Karatasi mpya iko ndani. Kila mtu na miezi yake. Jumla pakiti mia nane hamsini na mbili kwa mwaka. Huku sijambo, paa linapanda.

Sasa tumwache meneja kando.

Mtu hawezi kwenda mwezini mara ishirini na moja kwa mwaka, Shangazi, tena pakiti nne kila mara. Hiyo si siku zake. Huyo anaumwa. Na wewe uliyenifundisha nukta unajua kuliko mimi kwamba anaumwa, halafu unaniandikia "wamemkata tena" kana kwamba taabu yake ni daftari.

Nilipokuwa nikitoka shule nikikuletea chakula, nilikuwa nahesabu mashine tangu mlangoni kwa sababu niliona haya kutazama nyuso. Moja, mbili, tatu, mpaka chini ya feni lisilozunguka. Sijasahau ilikuwa ya ngapi. Nimekuuliza mara mbili na mara mbili umepita kama hukusikia, basi nami sitamtaja mtu. Umwambie tu namba saba kwamba kuna binti kwenye ofisi ya bati, amekasirika mpaka hawezi kula, anamwuliza anasubiri nini. Aende hospitali wiki hii. Asiniletee habari za haya na soni. Umwambie mficha uchi hazai.

Nasubiri jibu kwa lori hili hili linalogeuza.

Mwanao.


Tarehe 30 Juni

Shangazi,

Lori limekuja mara tatu bila barua. Dereva ananikimbia sasa, anashuka kwa mlango wa upande wa pili.

Juzi nilipanda kokoto nikakupigia. Nilisikia "mimi mzima" na mlio wa chombo kikianguka, kisha simu ikakatika. Waliokuwa wanakula chini waliniuliza kama kuna msiba, nikawaambia waendelee kula.

Mimi huwa naweka nakala ya kila ninachoandika, ni mazoea ya kazi. Nimeitoa nakala ya Mei nikaisoma. Nimeona nilichokuandikia mwishoni. Wallahi sikufikiri. Nilitaka kuandika ile nyingine, ya mficha maradhi, ila nilipofika mwisho wake kuna neno ambalo sikutaka liwe kwenye karatasi moja na wewe. Mkono ukarukia methali iliyo jirani. Nilikwepa shimo nikakanyaga mtu.

Niandikie hata matusi.

Futi.


Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

Goti limepata nafuu, na sasa baba yako hana la kuzungumza, anashinda kwenye redio. Paka watatu wamepata kwa kwenda. Wa nne amebaki, nimemruhusu.

Barua yako ya Mei niliikunja nikaitia kwenye kopo la vifungo. Kila nilipotaka kifungo nikaikuta. Methali hiyo nimeshaambiwa na wifi zangu. Nimeambiwa na mama mkwe. Yule bwana niliyeachana naye aliisema huku anafunga sanduku, tena siku hiyo nilikuwa nimempigia pasi mashati yake. Nilizoea. Sikuzoea kuikuta kwa mwandiko wako.

Yaishe. Najua hukufikiri, ungefikiri ungeipima kwanza.

Nikwambie basi. Hospitali nilikwenda, miaka miwili iliyopita, nikakuambia nimekwenda kununua uzi. Daktari alikuwa kijana, ana adabu. Alinionyesha kwenye picha, uvimbe huu, na huu, na huu, kama anayenionyesha viwanja. Akasema dawa zitatuliza kwa muda tu, kizazi kinabidi kitolewe. Nikasema nitarudi, na nikachukua mkoba.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Wewe ni mtu wa hesabu, utasema hapo hesabu ilikuwa imefungwa. Mimi nilijiambia kwamba mwanamke anayekwenda mwezini bado yuko kwenye foleni. Kila nukta ya penseli niliiona ni namba ya foleni. Mwaka jana zilipofika ishirini na moja nikajiambia, basi naenda mbio. Cheka ukitaka, hata mimi nimecheka.

Jumanne tulimpelekea Bwana Tuone karatasi yako mpya. Alisoma yote, lazima nimpe haki yake. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa namba saba akasema, "Huyu hayupo. Mmemwongeza. Hakuna mtu anayetoka damu hivi halafu akashona kola mia na ishirini." Wakata vitambaa walikuwa mlangoni, wanaume wanne, wanajifanya wanatafuta mkasi mmoja. Nikamwambia, "Yupo. Ni mimi. Na jana nilishona mia na ishirini na nne." Akatazama karatasi, akatazama lile daftari lake la choo, akarudi kwenye karatasi. Hakusema tuone. Wakata vitambaa waliupata mkasi wao mara moja.

Nilirudi kwenye mashine. Nikakaa chini ya lile feni, na mama wa vifungo akaja akaniwekea maji hapo.

Ulikuwa unajua, na mimi nilijua unajua. Lakini ulitaka jibu. Mimi ni namba saba.

Shangazi yako.


Tarehe 3 Agosti

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ndani ya choo, nikiimba, maana ndipo mahali pekee nisipofuatwa. Nilipoishiwa na wimbo nilikaa kimya, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesukuma mlango.

Nimekasirika bado. Nimekasirika na huyo bwana wa sanduku, na wifi zako, na mimi mwenyewe. Na wewe zaidi ya wote. Miaka miwili, Shangazi. Miaka miwili umesimama kwenye hiyo foleni peke yako, na mimi nakuandikia habari za unene wa nondo.

Makadirio yangu ya mwisho haya hapa. Una miaka arobaini na minne. Ukiendelea hivi mpaka hamsini ni pakiti mia tano na nne, kola elfu sita na arobaini na nane, siku hamsini za kazi na chenji. Sijaingiza zile nusu siku za kukatwa. Sijaingiza damu yenyewe, haiuzwi dukani. Kwenye kazi yetu mtu akikuta shimo chini ya msingi haandiki bei. Anaandika "simamisha kazi" na kutia sahihi. Nimeandika na nimetia sahihi.

Kuhusu mtoto sina la kukwambia. Nimejaribu mara tatu na kuchana mara tatu. Kila neno lilikuwa fupi au refu kuliko linavyotakiwa.

Nimepewa likizo ya siku kumi kuanzia tarehe 25. Sikuombi ruhusa, nakupa taarifa. Ujiandikishe hospitali kabla sijafika, maana nikikukuta kwenye mashine nitang'oa mkanda wake mbele ya Bwana Tuone.

Mwanao.


Tarehe 19 Septemba

Futi,

Nakuandikia nimekaa, na mto nyuma, kama ulivyoamuru, huna haja ya kumwuliza baba yako kwa siri. Anakusalimu. Goti limerudi baada ya kukupeleka stendi na mzigo, na uso umemchangamka. Bomba haliulizwi. Mshono umekauka. Chakula kinapita. Ngazi za kiwandani sijazipanda bado, lakini mama wa vifungo huja kila Jumamosi kunipa habari, na anazisema kwa sauti ile ile, kwa hiyo na kinyozi anazo.

Habari zenyewe ni hizi. Kabati limewekwa chooni, la bati, lina rafu mbili, limejaa. Bwana Tuone ametia sahihi mwaka mmoja, siyo kumi. Kuhusu miaka iliyobaki alisema unajua alivyosema. Daftari bado limetundikwa mlangoni ila kalamu imepotea, na kila akileta nyingine inapotea, na wanawake thelathini na wawili hawajui inakwenda wapi. Ile karatasi yetu ya siku tisini na tano mtu ameibandika kwa ndani ya mlango wa kabati. Ukichukua pedi unaisoma.

Nimefurahi umepata komeo lako. Hata hivyo usiache kuimba, una sauti nzuri.

Sasa rekebisha, maana safari hii nakutuma mwenyewe. Orodha ilikuwa ya watu thelathini na mmoja, sasa ni thelathini. Mfute namba saba. Lakini pakiti zake themanini na nne usizitoe kwenye jumla, mwache Bwana Tuone azilipe. Yupo msichana mpya wa mikono ya mashati anayevuka barabara mara nyingi mno, na nimeanza kumtazama. Nikirudi nitamkalisha chini ya feni nimwulize mwenyewe, kwa maneno yasiyo na midomo miwili.

Ulipokuwa hapa siku zile kumi tuligombana kwa sababu ya ndoo, na taa, na nani afue mashuka, hatukuzungumza hata kidogo. Ulipoondoka nilikwenda nyuma ya mlango wa jikoni nikaitazama kalenda. Tangu tarehe 24 Agosti haina nukta. Nilisimama pale nikalia, si kidogo, mpaka paka akaja kuona kuna nini. Mwezi kwangu sasa ni trekta tu. Nilidhani nitakuficha hili, halafu nikakumbuka tulikofikishwa na kufichana.

Na kuna jambo la pili sikukuambia. Siku moja kabla hujafika, nilipokwenda kujiandikisha, muuguzi alikuwa anajaza fomu bila kuinua kichwa. Umri, nikasema. Kazi, nikasema. Akauliza, "Watoto wangapi?" Nikasema mmoja. Akaandika mmoja, akaendelea na swali linalofuata.

Imeandikwa kwa wino, iko kwenye faili lao. Usije ukairekebisha.

Mama yako mwenye futi.